Heligoland Ilihukumiwa kwa Haraka

Yeyote aliyesoma historia ya pwani yetu shuleni amekutana na jina la Heligoland. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin. Ujerumani ikakubali Zanzibar iingie chini ya himaya ya Uingereza, na ikaiachia pia himaya yake ya Witu, kule karibu na Lamu. Uingereza nayo ikaikabidhi Ujerumani Heligoland, kisiwa cha jabali jekundu katika Bahari ya Kaskazini ambacho, hata ukikijumlisha na kisiwa cha mchanga kilicho jirani yake, hakifiki kilomita mbili za mraba. Wavuvi wa Heligoland hawakuulizwa. Watu wa Unguja, Pemba na Witu hawakuulizwa.

Miaka 120 baadaye, Februari 2010, jina hilo lilitokea kwenye albamu ya tano ya Massive Attack, wanamuziki wawili wa Bristol, magharibi mwa Uingereza. Mtu wa pwani hawezi kuliona jina hilo akalipita. Wasikilizaji wengi wa Ulaya walilipita, kwa sababu walikuwa wameshika swali moja tu mkononi: je, albamu hii inaifikia Mezzanine, albamu yao ya 1998? Walipoona haifanani nayo, wengi walifunga kesi wiki ile ile. Nasema wazi kwamba hukumu ile haikuwa ya haki. Na aina hiyo ya hukumu tunaitoa hata huku kwetu kila mkongwe anapotoa kazi mpya, ndiyo maana nimeona inafaa kuirudia kesi hii taratibu.

Tuanze na wenyewe. Robert Del Naja, anayeitwa 3D, alikuwa mchoraji wa kuta za mitaani kabla hajashika kipaza sauti. Grant Marshall, Daddy G, ni mtu mrefu mwenye sauti nzito, mzaliwa wa Bristol ambaye wazazi wake walitoka Barbados. Katika miaka ya 1980 wote wawili walikuwa kwenye kundi la vijana wapiga santuri lililoitwa The Wild Bunch. Kutoka kundi hilo ilizaliwa Massive Attack, wakiwa watatu: hao wawili pamoja na Andrew Vowles, aliyejulikana kama Mushroom. Albamu yao ya kwanza, Blue Lines, ilitoka 1991. Ya pili, Protection, 1994. Muziki wao ulichukua mdundo wa hip hop ukaupunguza mwendo, ukaukalisha juu ya besi ya rege, kisha ukaweka juu yake sauti za waimbaji wanaoimba kama watu wasiotaka kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Mwaka 1994 jarida la Mixmag la Uingereza liliuita muziki wa namna hiyo trip hop. Watu wa Bristol wenyewe hawakuwahi kulipenda jina hilo, lakini ndilo lililobaki midomoni mwa watu.

Sasa turudi 2010. Miaka saba ilikuwa imepita tangu albamu ya nne, 100th Window, na mitano mingine kabla yake tangu Mezzanine. Mtu aliyeinunua Mezzanine akiwa na miaka 20 sasa alikuwa na 32, ana mtoto, ana kodi ya nyumba, ana kazi inayomtoa kitandani alfajiri. Aliiweka Heligoland akitarajia irudi si sauti tu ya zamani, bali na yule kijana aliyekuwa akiisikiliza sauti hiyo. Hakuna albamu inayoweza kazi hiyo.

Maoni yaligawanyika. Kundi moja lilishukuru: Daddy G, ambaye hakushiriki katika kurekodi 100th Window, amerejea studio, na pamoja naye umerejea ubinadamu fulani. Piano inasikika kama piano, ngoma zinasikika kama ngoma zilizopigwa na mkono wa mtu, tofauti na albamu iliyotangulia, iliyokuwa na baridi ya mashine. Kundi la pili lilikiri kwamba nyimbo mbili tatu ni nzuri lakini likasema albamu nzima haina kibao cha kusimama na Unfinished Sympathy au Teardrop. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na sauti kubwa kuliko yote, nalo ndilo ninalotaka kujibizana nalo. Hao walisema: wageni wamekuwa wengi mno. Nyimbo kumi, waimbaji lundo, kila mmoja na mji wake na bendi yake. Wenye nyumba wako wapi?

Orodha ya wageni ni ndefu kweli. Tunde Adebimpe, mwimbaji wa bendi ya Marekani ya TV on the Radio ambaye wazazi wake ni Wanijeria, ndiye anayefungua. Martina Topley-Bird, ambaye sauti yake ndiyo iliyoibeba Maxinquaye, albamu ya 1995 ya Tricky, mwenza wa zamani wa Massive Attack, anaimba nyimbo mbili. Guy Garvey wa bendi ya Elbow ana wimbo mmoja. Hope Sandoval wa Mazzy Star ana mmoja. Damon Albarn wa Blur na Gorillaz ana mmoja anaoimba, na mchango wake wa vinanda unasikika kwingine pia. Na yupo Horace Andy, mzee wa rege kutoka Jamaika, ambaye ameimba katika albamu zao zote tano.

Lakini lini Massive Attack iliwahi kuwa nyumba isiyo na wageni? Unfinished Sympathy, wimbo ambao wasikilizaji hao hao wanautumia kama rula, uliimbwa na Shara Nelson. Wimbo uliobeba jina la Protection uliimbwa na Tracey Thorn, aliyekuwa na bendi yake ya Everything but the Girl. Teardrop aliuimba Elizabeth Fraser wa Cocteau Twins. Hakuna hata mmoja kati ya nyimbo hizo tatu ulioimbwa na 3D au Daddy G. Anayelalamika kwamba Heligoland imejaa wageni analalamikia kitu kile kile alichokipenda miaka ya 1990, ila wageni wa zamani wamezoeleka masikioni mwake hata akawahesabu kuwa wenyeji.

Asili ya utaratibu huo iko mitaani. Wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walipofika Bristol baada ya Vita Kuu ya Pili waliishi zaidi mtaa wa St Pauls, na walikuja na desturi ya Jamaika ya mitambo ya muziki: maspika marefu kuliko mtu, mpiga santuri mmoja, na kipaza sauti kinachopita mkono hadi mkono. Mwenye mtambo ndiye mwenye jina. Anachagua santuri, anachagua uzito wa besi, anachagua nani ashike kipaza sauti usiku ule. Kuimba si kazi yake, na hakuna anayemdai aimbe. The Wild Bunch walikulia humo, na Massive Attack ni mtambo wa aina hiyo ulioingizwa studio.

Shabiki wa taarabu ya Unguja hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Nadi Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na katika vikundi hivyo mshairi huandika shairi, mwingine hulitia lahani, na mwimbaji hupewa wimbo unaofaa sauti yake. Waimbaji hubadilishana jukwaani wimbo baada ya wimbo huku wapiga udi, kanuni na fidla wakibaki vitini. Msikilizaji hamwulizi mpiga kanuni kwa nini haimbi. Anajua kikundi ni mkono uliozipanga sauti zile zikakaa pamoja. Kwa masikio ya namna hiyo Heligoland ni albamu iliyonyooka kabisa, na malalamiko ya kundi la tatu yanashangaza.

Na rula yenyewe, Mezzanine, ina historia ambayo mashabiki wake huisahau. Ilipotengenezwa, watatu wale walikuwa hawaelewani. 3D alitaka magitaa makali na giza. Mushroom alipenda hip hop na muziki wa soul, na mwelekeo mpya haukumpendeza. Alitaka hata Teardrop iimbwe na Madonna, ambaye alikwisha kufanya nao kazi 1995, na akampelekea wimbo huo. Wenzake wawili wakashikilia Elizabeth Fraser. Albamu ilitoka Aprili 1998 ikapanda hadi nambari moja Uingereza, na mwaka uliofuata Mushroom akaondoka. Kwa hiyo msikilizaji wa kwanza kuikataa Mezzanine alikuwa mmoja wa watu waliokaa studio kuitengeneza. Wapenzi wa Blue Lines nao walikuwa na manung'uniko yao: joto limekwenda wapi, rege imekwenda wapi, haya magitaa ya nini? Leo manung'uniko hayo yamefutika, albamu imekuwa msahafu, na inatumika kuchapia kila kilichokuja baada yake.

Nimeisikiliza Heligoland mara nyingi kwa miaka hii, na napenda kueleza ninachokisikia.

Inaanza na Pray for Rain, karibu dakika saba. Adebimpe anaingia polepole juu ya piano yenye noti chache na ngoma zinazorudiarudia kama hatua za watu wengi wanaotembea pamoja kwenye udongo mkavu. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Kisha, wimbo ukiwa umevuka nusu, muziki unafunguka, sauti zinapandiana, na unahisi kama mawingu yamejaa kweli. Halafu unafungwa tena, ngoma zinarudi kwenye mwendo ule ule. Aliyezoea kiitikio kifike sekunde ya arobaini atakuwa ameshaondoka. Kuuweka wimbo huu mwanzoni mwa albamu iliyosubiriwa miaka saba ni ujasiri, na ujasiri huo haukusifiwa vya kutosha.

Splitting the Atom ulitangulia kutoka, mwishoni mwa 2009. Hapo ndipo alipo Daddy G. Sauti yake ni ya chini kiasi kwamba maneno yanafika kifuani kabla hayajafika sikioni. Kinanda kinapiga kwa mkato wa rege, makofi yanapiga bila haraka yoyote, 3D anapokea, kisha Horace Andy anapita juu yao wote kwa ile sauti yake nyembamba inayotetemeka. Wanaume watatu, rika mbili, na bahari nzima ya Atlantiki kati ya walikotoka. Wimbo hauendi popote, na hautaki kwenda. Ukitaka kumwonyesha mtu Massive Attack ni nini bila kumpigia kazi za miaka ya 1990, mpigie huu.

Girl I Love You ni wa Horace Andy peke yake, na ndio wimbo wenye hasira kuliko zote humu. Besi inatembea kama mlinzi wa usiku. Matarumbeta yanaingia kuelekea mwisho, yanagongana, yanavurugana, hadi yule mzee anayeimba habari za mapenzi anakuwa kama mtu anayeita ndani ya dhoruba. Wapo walioona matarumbeta yale yanaharibu wimbo mzuri. Mimi naona bila hayo ungekuwa wimbo wa kawaida.

Kisha Paradise Circus. Hope Sandoval anaimba kwa pumzi tu, karibu bila sauti, juu ya makofi, piano na besi. Hakuna anayepandisha kitu. Unapodhani umeisha, nyuzi za fidla zinaingia na kuuchukua wimbo mzima, na mwimbaji hayupo tena. Katika kazi zote za wawili hawa baada ya 1998, huu ndio bora. Naweza kuuweka kando ya Teardrop bila wasiwasi wowote.

Yaliyoupata wimbo huu baadaye ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Mwezi Mei 2010, miezi mitatu tu baada ya albamu kutoka, BBC ilianza kurusha tamthilia ya polisi ya Luther, ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na Idris Elba, na Paradise Circus ikawa wimbo wake wa kufungulia. Tamthilia ilidumu hadi 2019. Ilitazamwa Uingereza, ilitazamwa Afrika, ikazunguka huku kwetu mkononi mwa watu kwenye diski na kwenye vidude vya kuhifadhia faili. Watu ambao hawajawahi kusikia habari za Mezzanine, wasioijua Bristol, waliusikia wimbo ule ukifungua kipindi na wakataka kujua ni wa nani. Hawakuwa na rula. Walikuwa na masikio na wimbo, basi, wakaupenda. Wimbo ni ule ule uliokuwamo kwenye albamu ambayo wajuzi waliiita ya kuchosha.

Sitaki kuwaonea waliolalamika. Katika mambo mawili walikuwa na haki. Kwanza, mpangilio wa albamu unalegea kabla na baada ya Paradise Circus. Rush Minute, anaouimba 3D mwenyewe, unajenga wasiwasi bila kuupeleka mahali, na kwa kuwa unafuata wimbo bora kuliko zote unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Flat of the Blade wa Guy Garvey ni jaribio gumu ambalo naliheshimu lakini silirudii mara kwa mara. Pili, maneno ya 3D yamezidi kufungwa kwa miaka. Kwenye Blue Lines aliongea kama kijana wa mtaani mwenye njaa na utani. Kwenye Heligoland anaongea kama mtu anayekariri ripoti za siri. Msikilizaji anayesema hamfikii mwimbaji anasema kweli.

Saturday Come Slow ni kisa cha pekee. Kwenye albamu ni wimbo wa kimya wa Damon Albarn, gitaa na sauti inayokaribia kukatika, na wengi waliuona mwepesi. Kisha ikatoka filamu yake fupi. Ndani yake yupo mtu aliyewahi kufungwa Guantanamo, akizungumza ndani ya chumba kisicho na mwangwi kuhusu muziki uliotumiwa kama chombo cha mateso: nyimbo zilizopigwa kwa sauti ya juu, saa baada ya saa, ili kumvunja mfungwa. Baada ya kuitazama sikuweza tena kuusikia wimbo ule kama mwepesi. Upole wake una sababu. Hapo unaelewa pia kwamba watu hawa wawili wameifikiria sana nguvu ya sauti juu ya mwili wa binadamu, kwa mema na kwa maovu.

Kuna wasikilizaji waliochoshwa na upande huo. Wanasema wanamuziki wapige muziki, siasa waachie wenyewe. Kwa Massive Attack ushauri huo umechelewa sana. Bristol ilitajirika kwa biashara ya watumwa, na ukumbi wake mkubwa wa muziki uliitwa Colston Hall, kwa jina la Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa wa karne ya 17. Kwa miaka mingi Massive Attack walikataa kupiga humo, katika mji wao wenyewe, mpaka jina libadilishwe. Walilaumiwa kwa msimamo huo. Juni 2020 waandamanaji waliiangusha sanamu ya Colston wakaitupa bandarini, na baadaye mwaka huo ukumbi ukapewa jina la Bristol Beacon. Watu wenye msimamo wa namna hiyo hawaiiti albamu yao Heligoland kwa sababu jina linapendeza kutamkwa. Kisiwa hicho kilibadilishanwa na madola makubwa, na Aprili 1947 Waingereza walilipua humo maelfu ya tani za baruti kwa mkupuo mmoja, kisha wakakirudisha kwa Ujerumani Magharibi 1952. Albamu iliyobeba jina lake imejaa mvua isiyonyesha, magari ya usiku, na watu wanaosubiri uamuzi uliofanywa mahali pengine. Wenzetu wa Ulaya waliosema haina mada hawakutazama ramani. Sisi ambao tuko upande wa pili wa mkataba ule tuna sababu yetu ya kuisikia kwa namna nyingine.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wachambuzi hulipita, nalo lina uzito. Muziki huu umejengwa chini. Besi ndiyo msingi wa nyumba, na noti nyingi za besi ziko chini ya mitetemo mia moja kwa sekunde. Spika ndogo ya kompyuta ya mapajani haiwezi kuitoa sauti hiyo, na ya simu haikaribii kabisa. Kufikia 2010 watu wengi Ulaya na Marekani walikuwa wameacha mitambo mikubwa ya sebuleni na kuhamia kwenye kompyuta na vifaa vya mfukoni. Mezzanine waliisikiliza 1998 kwenye maspika ya kaka zao. Heligoland waliisikiliza kwenye spika iliyo chini ya kibodi. Kisha wakaandika kwamba ya pili ni nyembamba. Ukiisikiliza Atlas Air, wimbo wa kumalizia wenye karibu dakika nane, kwa simu, utasikia kinanda kinachozunguka na mtu anayenong'ona. Uisikilize kwenye maspika yenye kifua, au hata kwenye spika za masikioni zilizo nzuri, na utakuta chini ya kinanda kile kuna mnyama mkubwa anayetembea. Ni nyimbo mbili tofauti.

Nasema haya kwa sababu kwetu leo muziki karibu wote unapita kwenye simu. Tunatoa maoni juu ya kazi ambayo nusu yake haikutufikia. Nimesikia vijana wakiilinganisha rumba ya Kinshasa ya miaka ya 1980 na ya sasa kwa kutumia spika ya simu iliyolala mezani katikati ya vikombe vya chai, na wakitoa hukumu kwa uhakika mkubwa. Gitaa la besi, ambalo ndilo lililokuwa likiwachezesha wazazi wao, halikuwamo kwenye ushahidi.

Haraka nayo ina lawama yake. Albamu ya zamani mtu aliinunua kwa fedha yake, ikawa moja kati ya chache alizonazo, akairudia kwa sababu hakuwa na nyingine. Katika kurudia huko ndimo mapenzi yalimozaliwa. Nyimbo nyingi za Mezzanine hazikumwingia mtu siku ya kwanza; zilimwingia mwezi wa tatu. Msikilizaji wa leo ana maktaba ya dunia nzima kiganjani, anaipa albamu mpya nafasi moja akiwa kwenye daladala, kisha anailinganisha na ile aliyoishi nayo miaka kumi na mbili. Mashindano hayo yana mshindi kabla hayajaanza.

Haya yote hayana maana kwamba maoni ya msikilizaji wa kawaida ni ya kupuuzwa. Naamini kinyume chake. Ni wasikilizaji, si wachambuzi wa magazeti, walioifanya Paradise Circus idumu. Ni wasikilizaji waliomlinda Horace Andy asisahauliwe, mzee aliyezaliwa 1951 ambaye vijana wengi wa Ulaya walimjua kwa mara ya kwanza kupitia Massive Attack, kisha wakarudi nyuma kuzitafuta santuri zake za Jamaika. Msikilizaji anapotoa maoni yake kwa uangalifu anamsaidia msanii na anamsaidia msikilizaji mwenzake. Ninachokipinga ni maoni yanayotolewa kabla ya kusikiliza, yakavalishwa vazi la kusikiliza.

Huku kwetu hali ni nzito zaidi. Kurasa za burudani za magazeti yetu na vipindi vyetu vya redio vina nafasi tele kwa ugomvi wa wasanii, kwa magari yao na kwa ndoa zao. Albamu nzima inaweza kutoka, kazi ya miaka miwili ya watunzi, wapiga gitaa na mafundi wa studio, isipate hata aya tatu zinazoeleza inasikika vipi. Tunabaki na hukumu mbili tu: imebamba au haijabamba. Taarabu ilizoea wasikilizaji waliojua nani aliandika shairi, nani alitia lahani, na kwa nini mwimbaji fulani hakufaa wimbo fulani. Walibishana barazani wiki nzima kuhusu ubeti mmoja. Ujuzi huo tulikuwa nao, na haujafa. Wapo wazee Unguja, Mombasa na Tanga ambao wakikaa kuuchambua wimbo utataka kuandika kila wanachosema. Wahariri wa burudani wangewafuata hao na kuwapa kurasa.

Katika miaka 15 baada ya Heligoland, kuanzia 2010 hadi 2025, Massive Attack hawakutoa albamu nyingine kamili. Walitoa nyimbo chache kwa vipindi, ukiwemo mkusanyo mfupi wa Ritual Spirit wa 2016 ambamo Tricky, mwenzao wa zamani, alirejea kuimba nao. Kama ipo kazi itakayowatokea tena, italetwa na watu wawili waliovuka miaka sitini. Itakuwa na wageni. Haitafanana na Mezzanine. Malalamiko yake yanaweza kuandikwa leo hii kabla hata noti moja haijapigwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa msomaji ni dogo. Tafuta Heligoland, nyimbo zote kumi, dakika zisizozidi hamsini na tano. Azima spika nzuri kama huna. Sikiliza usiku, kwa mpangilio waliouweka wenyewe, bila kuruka, hata Rush Minute usiuruke. Rudia wiki ijayo, na wiki inayofuata. Baada ya hapo sema lolote unalotaka juu yake, hata kama ni kwamba mimi nimeisifu kupita kiasi, na andika kwa mhariri. Nitayasoma maoni yako yote.